Vyeti vya TEHAMA Ukiwa Bado Chuoni: Lini, Kipi, na Ujiandae Vipi

Vyeti vingi vya TEHAMA vina ukomo wa muda, na hapo ndipo hesabu huharibika. A+ (misingi ya kompyuta), Network+ (mitandao) na Security+ (usalama) za CompTIA, mtoaji wa vyeti vya TEHAMA, hudumu miaka 3, na CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, ni hivyo hivyo. Ukifaulu A+ mwanzoni mwa shahada ya miaka minne, itakwisha kabla hujavaa joho. Shika kwanza tarehe ya kuhitimu, kisha hesabu kurudi nyuma: cheti kizito kiwekwe ndani ya miezi 18 ya mwisho. Mwaka wa kwanza tafuta visivyokwisha muda, kama Linux Essentials ya LPI (misingi ya mfumo wa Linux) au AZ-900 ya Microsoft (misingi ya huduma zake za wingu, Azure). Kama A+ unayo tayari, kufaulu Security+ kabla haijakwisha kutaihuisha.

Kuhusu kipi uchague, fuata ratiba ya masomo. Muhula wa somo la mitandao ndio muhula wa Network+ au CCNA, kwa sababu nusu ya kazi unaifanya darasani.

Kabla ya kushika kitabu chochote, pakua orodha ya malengo ya mtihani kwenye tovuti ya mtoaji; ni bure. Pitia kila mstari na uuwekee alama: naweza kufanya, naweza kueleza tu, sijui. Angalia pia namba ya toleo. A+ ina mitihani miwili, 220-1201 na 220-1202, na vitabu vingi vya maktaba bado ni vya 1101 na 1102. Toleo moja halichanganywi na jingine.

Mistari ya "naweza kueleza tu" ndiyo huangusha watu, na dawa yake ni maabara. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha kuendesha mashine pepe mbili ndogo (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako) kwa programu ya VirtualBox, na kwa CCNA programu ya kuigiza mitandao, Packet Tracer, hutolewa bure na Cisco. Mashine pepe ya biti 64 ikikataa kuwaka, mara nyingi uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, uitwao VT-x (au SVM kwa prosesa za AMD), umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Mashine mbili zisipoonana, tazama mipangilio ya mtandao: NAT ya kawaida ya VirtualBox, yaani mpangilio wa mtandao unaokuja nayo, huitenga kila mashine peke yake. Zihamishie zote kwenye mtandao wa ndani (Internal Network), uzipe anwani za IP kwa mkono. Ping (amri ya kujaribu kama mashine zinafikiana) ikigoma bado kwenye Windows, kagua ukuta wa moto (firewall) kabla ya kubomoa kila kitu.

Kugawa mitandao (subnetting) fanya kwa kalamu, maana kikokotoo hakiruhusiwi. Mfano: 192.168.10.77/26. Barakoa (subnet mask) ya /26 ni 255.255.255.192; toa hiyo 192 ya mwisho kwenye 256, unapata 64. Mitandao inaanzia 0, 64, 128 na 192. Basi 77 imo kwenye mtandao wa 64, anwani ya matangazo (broadcast) inaishia na 127, na vifaa vinavyoweza kupewa anwani ni 62. Rudia kila siku hadi swali moja lisizidi dakika moja.

Maswali yaliyoibwa kwenye mitihani halisi yaache kabisa. Unavunja mkataba unaoukubali kabla ya kuanza mtihani, na cheti kinaweza kufutwa.

Akaunti ya mtihani ifungue kwa barua pepe yako binafsi. Ya chuo itumie kuthibitisha uanafunzi ili upate punguzo tu. Ukifungulia akaunti kwa ya chuo, nayo ikafungwa baada ya kuhitimu, unaweza kujikuta huingii kwenye akaunti yenye vyeti vyako. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, la sivyo utarudishwa mlangoni. Vocha, yaani namba ya kulipia mtihani, nayo ina tarehe ya mwisho, kwa hiyo usinunue mapema kwa sababu tu bei imeshuka.

Panga mtihani wiki mbili au tatu baada ya mitihani ya muhula, ukiacha nafasi ya kurudia. CompTIA hawakusubirishi kwa jaribio la pili, ila kabla ya la tatu ni siku 14; Cisco ni siku 5, na AWS (huduma za wingu za Amazon) siku 14.

Security+ ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na maswali ya vitendo mara nyingi hutangulia. Yawekee alama, yaruke, uyarudie mwishoni. Mazoea hayo usiyapeleke kwenye CCNA: pale ukishapita swali, hurudi tena.

Kufanyia mtihani chumbani kwako, kupitia intaneti, kunawezekana, lakini meza iwe tupu, skrini iwe moja, na asiingie mtu. Mwenzako wa bweni akifungua mlango, msimamizi anaweza kusitisha mtihani, na ada ikapotea. Jaribu mfumo siku moja kabla, kwenye kompyuta na intaneti ile ile utakayotumia, kwa sababu mitandao ya vyuo mara nyingi huzuia programu ya mtihani. Kama huna chumba cha peke yako kwa saa mbili na nusu, nenda kituoni.