Unakula nini usiku mpaka unaota maajabu? Jinsi ya kujua na kurekebisha

Kwanza tuelewane kitu kimoja, chakula hakikuchagulii ndoto, hakuna msosi wa kuota unakimbizwa na nyoka na mwingine wa kuota unapaa. Kinachofanyika ni kwamba chakula kinaharibu usingizi wako, na usingizi ukikatikakatika ndo unaamka na ndoto bado mbichi kichwani.

Ziko hivi. Ndoto nyingi zenye stori ndefu na hisia kali zinakuja kwenye usingizi wa REM, ule wa macho kuchezacheza chini ya kope, watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliuripoti mwaka 1953. Unajirudia kila baada ya dakika kama 90 na unazidi kurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Ukishtuka katikati yake unaikumbuka ndoto, ukiunganisha usingizi mara nyingi inapotea. Sasa tumbo likiwa linaunguruma au asidi inapanda kooni, unashtuka mara ngapi usiku? Hapo ndo unasema umeota sana, kumbe umeamka sana.

Kwa hiyo anza na daftari. Liweke kando ya kitanda, kabla ya kulala andika umekula nini na saa ngapi, asubuhi kabla hujashika simu andika ulichoota na kama uliamka usiku, hata ukikumbuka kipande tu andika hicho hicho. Fanya hivyo wiki mbili hivi, na tafadhali usibadilishe chochote bado maana utashindwa kujua kilichosaidia.

Ukishapata picha, punguza kitu kimoja kwa wakati. Mimi ningeanza na muda kabla ya aina ya chakula, yaani mlo mzito uishe saa mbili tatu kabla ya kupanda kitandani, manake ukijilaza tumbo limejaa kiungulia kinakuwa jirani. Na kikikusumbua hata hivyo, lalia ubavu wa kushoto, asidi inapata shida kupanda. Pilipili na mafuta mengi hamishia mchana. Ila usilale na njaa pia, njaa nayo inaamsha, kula kitu kidogo chepesi.

Kahawa watu wanaidharau sana. Kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu tu mwilini, ina maana ya saa 11 jioni bado nusu yake inazunguka saa 4 usiku, na chai na chokoleti nazo zinayo.

Pombe ndo inadanganya kuliko vyote jamani, inakulaza haraka halafu inabana REM mwanzoni mwa usiku, ikishaisha mwilini REM inarudi kwa nguvu alfajiri na usingizi wenyewe umekuwa mwepesi, hapo jiandae kwa ndoto nzito. Anayekunywa jioni na kulalamikia ndoto mbaya aanzie hapo kabla ya kulaumu jibini.

Jibini na maziwa yana kesi yake. Utafiti wa Kanada wa 2015 uliwauliza wanafunzi wa chuo, karibu 18% wakasema chakula kinagusa ndoto zao na wengi wakataja vitu vya maziwa. Utafiti mwingine wa 2025 ukaona wenye shida ya laktosi, yaani tumbo lao halimeng'enyi vizuri sukari ya maziwa, ndo walioripoti jinamizi zaidi, na gesi na maumivu ya tumbo yanahusika. Hayo ni majibu ya watu wenyewe, siyo ushahidi wa mwisho, ila kama maziwa yanakujaza gesi mchana usitegemee yatakuhurumia usiku.

Ukiona ndoto zimetulia, kirudishe kile kitu siku chache uone kama zinarudi, zikirudi umeshampata mchawi, zisiporudi endelea kukila tu kwa amani na utafute kwingine, labda msongo wa mawazo au dawa unazotumia (usiziache bila kumuuliza daktari). Na wewe mwenye kisukari unayetumia insulini, jinamizi pamoja na kuamka umelowa jasho inaweza kuwa sukari imeshuka usiku, hiyo usisubiri daftari, pima sukari hapo hapo, ikiwa chini kula kitu chenye sukari, halafu umwambie daktari wako.