Biskuti za jibini kwenye sufuria ya mchanga

Wiki iliyopita wifi yangu wa Njiro, Arusha, alinipigia simu mara tatu kwa siku moja: biskuti zinaungua chini, juu bado mbichi. Namwelewa. Nilipoanza hapa Pasua, mjini Moshi, niliharibu trei tatu mchana mmoja. Namwandikia yeye na yeyote asiye na oveni.

Mahitaji: unga wa ngano robo kilo, siagi gramu 125, jibini gramu 125, pilipili manga nusu kijiko cha chai, maziwa baridi vijiko 2 au 3 vya chakula. Chumvi chembe tu, jibini ina yake. Dukani uliza chizi, ndivyo wanavyoijua. Chukua ile ngumu, cheddar au gouda. Mozzarella ina maji mengi. Na siagi iwe siagi kweli. Majarini siitumii kwenye biskuti hizi, ladha yake inaifunika jibini.

Hatua ya 1. Kwangua jibini kwa kikwangulio cha karoti, upande wa matundu madogo.

Hatua ya 2. Vuruga siagi baridi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga. Tia jibini na viungo, kisha maziwa kidogo kidogo hadi donge lishikane. Usikande kama chapati, zitakuwa ngumu. Hapa Moshi mwezi wa Februari siagi inayeyukia mkononi, kwa hiyo mimi huanza alfajiri. Arusha ya Julai haina shida hiyo.

Hatua ya 3. Pumzisha nusu saa mahali pa baridi. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata kwa mdomo wa glasi.

Hatua ya 4, moto. Fanyia nje, moshi na hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa vinaua. Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Panga juu yake mawe madogo matatu, trei ikae juu ya mawe. Wifi aliiweka trei juu ya mchanga wenyewe, ndiyo maana ziliungua.

Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, kwa sababu joto la chini hupanda lenyewe. Mimi hubakiza chini makaa machache, juu natandaza mara mbili yake, mengi pembeni kuliko katikati. Subiri yashike majivu meupe. Yakiwa bado yanatoa moshi biskuti zinanuka. Pasha sufuria dakika 20 nzima, usifupishe.

Kisha oka biskuti moja peke yake. Ikiungua chini kabla ya dakika 10, toa makaa mawili ya chini. Ikibaki nyeupe juu baada ya dakika 15, ongeza ya juu na ya chini usiyaguse. Ikitandaa na kuvuja mafuta, donge limepata joto, lirudishe kwenye baridi. Usifunue kila mara. Trei yangu huiva dakika 15 hadi 18. Mwenye oveni ya umeme aweke nyuzi 180, dakika 12 hadi 15.

Hatua ya 5. Toa kingo zikiwa rangi ya dhahabu. Katikati patakuwa laini ukibonyeza, zinakauka zikipoa. Usizitie kwenye kopo zikiwa na joto, mvuke utazilainisha kabla ya kesho.