AC ya trela inawaka na kuzima kila dakika tatu? Usinunue mpya kabla hujafungua dari

Kama uko Marekani na umenunua trela ya kukempu, hii utakutana nayo tu, hasa ukienda Texas mwezi wa saba. AC inaunguruma dakika tatu inakata, inapumzika, inarudi, inakata tena, na humo ndani watoto wanatoka jasho kama wako jikoni. Jirani wa pale kempu atakwambia gesi imeisha. Muulize anajaza wapi, maana hizi AC za juu ya paa nyingi gesi yake imefungiwa kiwandani na hata mdomo wa kujazia hazina.

Kabla hujashika bisibisi kaa usikilize ni nini hasa kinachokata. Toa feni kwenye auto uiweke high, shusha themostati (kile kidude cha ukutani cha kuchagua joto) mpaka chini kabisa, halafu subiri.

Kompresa, yaani ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ikinyamaza lakini feni inaendelea, na upepo ulikuwa baridi vizuri tu, basi AC yako ni nzima ila inadanganywa. Mimi hii ilinisumbua safari mbili nzima, nikabadilisha themostati bure. Kumbe shida iko kwenye lile boksi la darini: kuna upande hewa baridi inatoka kwenda kwenye mabomba na kuna upande hewa ya ndani inavutwa kurudi juu, katikati panatakiwa pawe na ukuta uliozibwa kabisa. Ya kwangu ilikuwa na mwanya wa kupitisha vidole viwili, tangu kiwandani! Hewa baridi inapita pale inarudi moja kwa moja kwenye koili, yale mabomba membamba yanayopoza hewa, koili inapoa kupita kiasi, sensa ya barafu inaona tunaelekea kuganda inakata kompresa. Chomoa umeme, fungua kava la dari, chungulia na tochi, kila mwanya piga tepu ya foili, ile ya aluminiamu, sio ile ya kijivu ya kitambaa ambayo inabanduka. Mimi ilinichukua saa moja na rola moja ya tepu.

Ukiwa hapo hapo osha filta, na uangalie themostati haipulizwi na tundu la AC, pia tobo la waya nyuma yake liwe limezibwa, hewa ya ukutani inaichanganya.

Ukikuta koili ina barafu kabisa usiigonge, zima kompresa acha feni ipulize mpaka iyeyuke.

Sasa kama kompresa inakata yenyewe, halafu ikitaka kurudi inaguna mmmm inashindwa, hapo fikiria umeme mdogo. Chomeka voltimita kwenye soketi ya ndani AC ikiwa inafanya kazi: inatakiwa iwe karibu na volti 120, ikishuka chini ya 105 zima, unaua kompresa. Kwenye kempu iliyojaa jioni kila mtu kawasha AC, umeme unashuka wenyewe, na wewe una ampea 30 tu, halafu mtu anawasha maikrowevu na hita ya maji kwa pamoja... Ekstensheni nyembamba ya bustani nayo usiitumie kabisa, tafuta nene ya ampea 30.

Umeme ukiwa sawa, mshukiwa ni kapasita, kile kikopo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza, ni kitu cha bei rahisi na joto la paani linaichosha. Ikivimba kichwa imekufa, lakini hata isipovimba pima kwa multimita ulinganishe na namba iliyoandikwa ubavuni. ANGALIZO: kapasita inabaki na chaji hata ukichomoa umeme, kama hujui kuitoa chaji salama mwite fundi, hapo sitanii.

Panda pia uangalie koili ya nyuma, ile ya nje. Vumbi, majani, viota vya nyigu, vile vibati vyembamba vya koili vimelala. Joto likikosa pa kutokea kompresa inachemka inajizima kujilinda. Isafishe kwa brashi laini na maji ya taratibu.

Mwisho pima upepo unaoingia kwenye filta na unaotoka karibu na AC. Tofauti ikiwa kati ya digrii 16 na 22 za Fahrenheit, mashine inapoza vizuri. Na ikikata usiku wakati nje kumepoa, hiyo wala sio shida, trela imeshapoa, lala.