"Sheria imepita": imepita wapi? Kufuatilia miswada ya Minnesota kwa lugha tunayoielewa

Kila mwaka Mei ikielekea ukingoni, simu za Waswahili wa Brooklyn Park, St. Paul na Rochester, hapa jimbo la Minnesota, Marekani, hujaa sauti za WhatsApp. Mtu anaongea kwa haraka, yuko garini anatoka zamu ya usiku: "Jamani, ile sheria imepita!" Ujumbe unasambaa kanisani, msikitini na kwenye chama, na kabla ya jua kutua kila mtu ana hakika nao.

Imepita wapi? Imepita kamati moja tu? Imepita Baraza la Wawakilishi na bado inasubiri Seneti? Gavana ameitia saini? Na kama ametia saini, inaanza lini?

Mwaka 2023 nilifanya kazi na dada mmoja kwenye makao ya wazee. Hakuwa na makaratasi. Machi mwaka huo Gavana Tim Walz alitia saini mswada HF 4, ulioruhusu mtu kupata leseni ya kawaida ya kuendesha gari bila kuthibitisha hali yake ya uhamiaji. Dada yule alisikia "imepita", akaomba ruhusa kazini, akapoteza mshahara wa siku nzima kwenda ofisi ya leseni mwezi Aprili. Akaambiwa arudi baadaye. Sheria ilikuwa kweli, saini ilikuwa kweli, lakini tarehe ya kuanza ilikuwa Oktoba 1. Aliporudi kazini na kunisimulia nilijisikia vibaya sana, kwa sababu mimi ndiye niliyemtumia ile sauti.

Tangu hapo situmi habari ya mswada wowote kabla ya kuusoma mwenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza.

Namba kwanza

Bunge la Minnesota lina nyumba mbili: Seneti yenye wajumbe 67 na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134. Mswada unaoanzia Barazani hupewa namba yenye herufi HF, na wa Seneti hupewa SF. Mara nyingi mswada mmoja huwasilishwa pande zote mbili kwa namba tofauti, kama mapacha, na ukurasa wa mswada hukuonyesha pacha wake. Ukimfuata mmoja tu unaweza kudhani kazi imekwama kumbe mwenzake anatembea.

Kwa hiyo mtu akikuambia kuna mswada, mwombe namba. Hana? Basi habari bado ni fununu, hata kama aliyeileta ni mchungaji au mwenyekiti wa chama.

Namba huishi miaka miwili. Mswada ulioletwa Januari ya mwaka wa witiri (kama 2023 au 2025) haufi kikao cha kwanza kikifungwa. Hungoja hapo hapo ulipofika, na mwaka unaofuata unaweza kuendelea. Miaka miwili ikiisha, yote ambayo haijapita hufa na hesabu huanza upya. Katiba ya jimbo inalazimisha kikao cha kawaida kufungwa si baada ya Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei, na ndiyo maana sauti za WhatsApp humiminika wakati huo.

Kilichokatwa na kilichopigiwa mstari

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu wengi hufungua mswada, hukutana na kurasa arobaini za Kiingereza kigumu, kisha hufunga simu. Huhitaji kusoma zote. Mswada wa Minnesota hukuonyesha mwenyewe mahali pa kutazama. Maneno yaliyokatwa kwa mstari katikati ni ya sheria ya zamani yanayoondolewa. Maneno yaliyopigiwa mstari chini ni mapya. Maneno yasiyo na mstari wowote ni sheria iliyopo na haiguswi. Mara nyingi mabadiliko yote katika ukurasa mzima ni neno moja tu: "three" (tatu) limekatwa, "two" (mbili) limepigiwa mstari.

Mfano huo si wa kubuni. Sheria ya likizo ya ugonjwa na usalama, iliyoanza Januari 1, 2024, ilimruhusu mwajiri kudai cheti cha kuthibitisha sababu pale mfanyakazi alipokosa kazi zaidi ya siku tatu mfululizo. Bunge likairekebisha, na tangu Julai 2025 ni zaidi ya siku mbili. Nimeona watu wakibishana na wasimamizi wao wakiwa na karatasi ya 2024 mkononi. Waliisoma vizuri, ila ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Tahadhari moja kubwa: usinakili maandishi ya mswada na kuyabandika kwenye programu ya kutafsiri. Mistari hupotea njiani. Maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa hubaki pamoja kana kwamba yote ni sheria, nawe unapata tafsiri inayosema siku tatu na siku mbili kwa wakati mmoja. Soma mistari kwanza kwenye ukurasa wenyewe, andika pembeni nini kimetoka na nini kimeingia, halafu utafsiri vipande hivyo tu.

Ukishaona mabadiliko, rudi mwanzo kwenye kifungu cha maana ya maneno. Hapo ndipo sheria husema inamhusu nani. Katika likizo hiyo niliyoitaja, mfanyakazi ni mtu anayetarajiwa kufanya kazi angalau saa 80 kwa mwaka ndani ya Minnesota, hata kama ni wa muda au wa kuitwa siku mojamoja. Anapata saa moja ya likizo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka. Lakini aliyeandikishwa kama mkandarasi wa kujitegemea hayumo. Ndugu zetu wengi wanaendesha teksi za programu au wanasafisha maofisi kwa mikataba ya namna hiyo, na neno hilo moja ndilo linalowatenga.

Tazama pia kama imeandikwa "must", "shall" au "may". Mbili za kwanza ni lazima. Ya tatu ni hiari, na ahadi nyingi tamu zimejengwa juu ya hiyo ya tatu.

Na tuwe waangalifu na majina tunayoyatia Kiswahili. Likizo hii tumeizoea kuiita "likizo ya ugonjwa" basi. Nusu ya pili ya jina, usalama, tunaiacha. Nusu hiyo ni ya mtu anayepigwa nyumbani, anayenyanyaswa kingono au anayewindwa, anayehitaji siku ya kwenda mahakamani, kuonana na mshauri au kuhama. Mwanamke anayesikia "likizo ya ugonjwa" hatajua kwamba sheria imemfikiria yeye pia. Katika vikundi vyetu neno hilo lisidondoke.

Mswada unaokufa na kufufukia kwingine

Likizo hiyo ilianza mwaka 2023 kama mswada wa peke yake, HF 19. Aliyekuwa akiifuata namba hiyo mpaka Mei aliona haijawa sheria, akakata tamaa. Lakini maneno yake yalikuwa yamehamishiwa ndani ya mswada mkubwa wa kazi na ajira, SF 3035, nao ndio uliotiwa saini.

Miswada hii mikubwa mimi huiita makapu. Kamati hukusanya miswada midogo mingi, huitia kwenye kapu moja, na kapu ndilo hupigiwa kura. Usiku wa mwisho wa kikao cha 2024 kapu moja la zaidi ya kurasa 1,400 lilipitishwa dakika chache kabla ya muda kuisha. Sidhani ni njia nzuri ya kutunga sheria, kwa sababu mwananchi hapewi hata usiku mmoja wa kusoma. Lakini ndivyo inavyokwenda, kwa hiyo tafuta maneno badala ya namba peke yake. Chukua maneno matatu yasiyo ya kawaida kutoka kwenye mswada wako, uyatafute ndani ya kapu. Vikundi vya kijamii vinavyosukuma jambo lako pia hujua limehamia wapi; waulize.

Pande mbili zikipitisha matoleo yanayotofautiana, kamati ya pamoja ya wajumbe wa nyumba zote mbili hukaa kuyaoanisha. Toleo linalotoka huko ndilo la kusoma. Ulilosoma Machi ni la kumbukumbu tu.

Gavana, na tarehe

Kenya, mswada ukifika kwa rais ana siku 14. Asipotia saini wala kuurudisha bungeni, unakuwa sheria wenyewe. Minnesota gavana ana siku tatu, Jumapili haihesabiwi, na akinyamaza bunge likiwa bado linakaa, mswada unakuwa sheria. Lakini miswada inayopitishwa siku tatu za mwisho za kikao ina kanuni yake: gavana ana siku 14 baada ya bunge kufungwa, na hapo kunyamaza kwake kunaua mswada. Ana pia kura ya turufu, na kuishinda kunahitaji thuluthi mbili ya kila nyumba.

Kisha nenda mwisho wa kila kifungu utafute aya yenye maneno "EFFECTIVE DATE", yaani tarehe ya kuanza. Hiyo ndiyo tarehe ambayo dada yule aliihitaji. Kapu moja linaweza kuwa na tarehe kumi tofauti, kwa hiyo angalia ya kifungu chako. Pasipoandikwa tarehe yoyote, sheria ya kawaida huanza Agosti 1, na ya kutenga fedha Julai 1.

Wala usidhani ukishaisoma umemaliza. Mwaka 2023 bunge liliamua kwamba wenye kipato kidogo waweze kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, hata wasipokuwa na makaratasi, kuanzia Januari 1, 2025. Watu walijiandikisha na kuanza kwenda kliniki. Juni 2025, katika kikao maalum cha siku moja, Baraza lilipiga kura 68 kwa 65 kuwaondoa watu wazima wasio na makaratasi mwisho wa mwaka huo, watoto walibaki. Kuna wazazi wa jamii yetu waliojua habari hii barua ilipofika. Kikao maalum hakifuati kalenda ya Mei, kwa hiyo usiache kufuatilia eti kwa sababu ni kiangazi.

Vifaa vya bure

Kwenye tovuti ya bunge, leg.mn.gov, unaweza kufungua akaunti ya MyBills, ukaingiza namba au mada, na kila hatua ikaorodheshwa kwa ajili yako. Session Daily ni habari za Baraza zinazoandikwa na wafanyakazi wasioegemea chama chochote cha siasa, kwa Kiingereza chepesi. Idara ya utafiti ya Baraza huandika mihtasari ya miswada na ya sheria zilizopita, kifungu kwa kifungu. Mimi huanza na muhtasari huo, kisha nathibitisha kwenye maandishi yenyewe.

Kila mkazi ana seneta mmoja na mwakilishi mmoja. Ingiza anwani yako kwenye ukurasa wa kutafuta wajumbe, majina yatatokea. Huhitaji uraia kuwapigia simu, kuwaandikia au kutoa ushahidi mbele ya kamati. Unachohitaji ni kujiandikisha kabla ya kikao cha kamati kupitia karani wake. Huko St. Paul, mji mkuu wa jimbo, treni ya Green Line inasimama kituo cha Capitol/Rice Street, mwendo mfupi kwa miguu kutoka jengo la bunge. Nenda hata mara moja ukaketi tu usikilize.

Walio majimbo mengine, msinakili tarehe zangu. Bunge la Texas hukaa kwa kawaida mwaka wa witiri tu, siku 140, na huko gavana akinyamaza mswada huwa sheria hata mwisho wa kikao. Nebraska ina nyumba moja. Mistari ya kukata na kuongeza iko majimbo mengi, ila hakikisheni alama za kwenu.

Sisi si wageni wa kazi hii. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwenye simu zao, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, mpaka Juni 26 rais akatangaza hatautia saini. Kuchambua mswada wa St. Paul hakuhitaji akili tofauti na ile.

Siku hizi nikituma kitu kwenye kikundi ninakiandika, si sauti, ili mtu aweze kukirudia. Kinakaa hivi (hii ni likizo nyingine, si ile ya ugonjwa na usalama):

"Likizo ya malipo, Minnesota. Hatua: ni sheria, ilitiwa saini Mei 2023. Imeanza Januari 1, 2026. Unapata hadi wiki 12 kwa ugonjwa wako au ujauzito, na hadi wiki 12 za kumtunza mtu wa familia au kuwa na mtoto mpya. Zote kwa pamoja zisizidi 20 kwa mwaka. Makato mwaka 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri analipa angalau nusu, kwa hiyo kwenye dola 1,000 wewe usikatwe zaidi ya dola 4.40. Angalia karatasi yako ya mshahara. Mswada: HF 2, 2023, kiwango cha makato kilibadilishwa 2024. Mwenye swali aniulize kesho mchana, usiku huu niko zamu."