SOMO: Mama karuhusiwa baada ya kuvunjika nyonga. Nyumbani unaanzia wapi?

Wakuu, tangu Ramadhani iishe nimeulizwa jambo hili mpaka nimeanza kunakili jibu lile lile na kulibandika. Leo naliandika mara moja. Atakayeniuliza tena namleta hapa.

Mimi ni fundi cherehani, si daktari wala nesi. Mama yangu ana miaka 76. Aliteleza uani akitoka kuoga, akavunjika shingo ya mfupa wa paja, akawekewa nyonga bandia. Nakaa naye Mbagala, chumba na sebule, choo cha nje. Kwa hiyo haya ni ya nyumba kama zetu.

1. Kabla hamjatoka wodini, uliza mambo manne na uyaandike. Mguu aukanyagie uzito kiasi gani? Mikao ipi imekatazwa, na kwa wiki ngapi? Nyuzi zinatolewa lini? Dawa ya kuzuia damu kuganda inaisha tarehe ngapi? Sisi tuliambiwa wiki 12 asikunje nyonga kupita pembe mraba, asikunje nne, asigeuzie vidole vya mguu ndani. Wako anaweza kupewa masharti mengine, inategemea daktari alipasulia upande gani wa nyonga, mbele au nyuma.

2. Usafiri. Bajaji hapana. Gari dogo, kiti cha mbele kisukumwe nyuma na kilazwe kidogo, uweke mto. Juu ya mto tandika mfuko wa nailoni ili ateleze anapogeuka, usimvute mguu.

3. Kitanda na viti. Chukua futi, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake. Kwa mama nilipata sentimita 42, nikaongeza 6. Chochote atakachokalia kisiwe chini ya hapo, godoro likiwa limeshabonyea. Masofa yetu yale ya kuzama yasahau mpaka masharti yaishe.

4. Choo. Chetu ni cha kuchuchumaa, na nyonga mpya haichuchumai. Seremala alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu na mikono pembeni, kwa kipimo kile kile cha 48. Mchana kinakaa juu ya tundu la choo, usiku kinaingia ndani na ndoo chini yake.

5. DAWA. Hapa soma polepole, kwa sababu hapa nusura nimzike mama.

Mama alikuwa na presha miaka mingi kabla hajavunjika. Wodini walimpa dawa ya presha, akatoka nayo kwenye bahasha ya kaki. Nyumbani ile ya zamani ilikuwepo, ndani ya kopo la Blue Band juu ya kabati. Maboksi hayafanani, rangi hazifanani, jina kubwa halifanani. Nikaona hizi dawa mbili, nikampa zote, moja asubuhi moja usiku. Miguu ikaanza kuvimba, nikasema ni mambo ya upasuaji. Siku ya nne akasimama aende choo, akanilegea mikononi kama kanga iliyoloa. Zahanati presha ilisoma 84 kwa 50, imeshuka mno. Nesi wa pale aliyashika maboksi yote mawili, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo chini ya jina kubwa. La kwanza amlodipine miligramu 10, la pili amlodipine miligramu 10. Dawa moja, makampuni mawili. Na kuvimba miguu ni moja ya athari zake. Nilikuwa namnywesha mara mbili ya kipimo, tena kwa bidii, saa mkononi.

Kwa hiyo siku ya kwanza tu, kusanya dawa ZOTE za nyumbani: za kwenye kopo, za kwenye pochi, na zile alizofunga kwenye pindo la kanga (wazee hawa ukiwauliza wanasema hawana). Soma jina dogo, usisome jina kubwa. Zipange mezani pamoja na karatasi ya ruhusa, umuulize daktari au mfamasia moja moja: hii inaendelea, hii inaachwa? Usiamue mwenyewe kuacha, na usiamue mwenyewe kuendelea. Kisha nunua daftari, kila kidonge kikimezwa weka alama na saa. Kama mnapokezana na ndugu, daftari ndilo linalosema, si kumbukumbu.

Dawa ya kuzuia damu kuganda usiikate kwa sababu "amepata nafuu". Na dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki au ibuprofeni usimpe bila daktari kujua. Kwa mzee mwenye presha zinapandisha presha na kuumiza figo, na zikikutana na dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu tumboni bila wewe kuona, mpaka choo kitoke cheusi kama lami.

6. Ngozi. Akiwa hageuki mwenyewe, mgeuze kila baada ya saa 2, mto katikati ya mapaja ili magoti yasikutane. Kagua visigino, makalio na mfupa wa mwisho wa mgongo kila siku. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani, tafuta sehemu iliyozidi weusi au iliyoingia zambarau, kisha pitisha kiganja. Ikiwa ya moto au ngumu kuliko jirani yake, kidonda kimeanza chini kwa chini. Ondoa uzito hapo. (Mstari wa mafuta nimeufuta, angalia maswali.)

7. Kutembea. Woka (fremu ya kushikilia anapotembea) mbele, kisha mguu uliopasuliwa, kisha mzima. Kwenye ngazi, kupanda unaanza mzima, kushuka unaanza uliopasuliwa. Toa mikeka na vizulia vyote. Ndala hapana, viatu vyenye mkanda nyuma. Mara nyingi kidogo kidogo, si safari moja ya kujionyesha.

8. Kuoga. Mimi ni mtoto wa kiume na dada yangu yuko Muheza. Mama mwenyewe alipanga: anakaa kwenye kiti amejifunga kanga, mimi namwagia maji, nasugua mgongo na miguu, kisha natoka nasimama nyuma ya pazia. Mengine anamaliza mwenyewe. Kidonda kisiloe mpaka wakuruhusu.

9. Chakula. Mayai, dagaa, maharage, maziwa, uji. Supu ya kongoro haiungi mfupa kuliko maharage, ila kama anaipenda mpe, chumvi kidogo.

10. Wageni. Wasikalie kitanda. Na atakuja mmoja, lazima aje, na chupa ya mafuta na mchuaji wake wa kuaminika. Kwetu alitoka mtaa wa tatu. Kigimbi kikivimba upande mmoja, kikauma na kuwa cha moto, ndani huenda kuna damu iliyoganda. Kukichua ni kuisukuma iende kwenye mapafu. Mkaribishe chai, mafuta yabaki kwenye chupa.

Kimbiza hospitali bila kikao cha ukoo: kigimbi cha namna hiyo, pumzi kubana ghafla au kifua kuuma, kidonda kutoa usaha, homa ya nyuzi 38 na kupanda, mguu kuwa mfupi ghafla au kupinda na maumivu makali, choo cheusi.

MASWALI

Ngosha wa Tabata: Mkuu somo safi ila refu, sijamaliza. Bi mkubwa analia maumivu usiku, nimpe diklofenaki?

Mwandishi: Hatua ya 5, aya ya mwisho.

Ngosha wa Tabata: Si ujibu tu ndiyo au hapana? Watu tuna wagonjwa hapa.

Mwandishi: Hapana. Na mimi nina mgonjwa hapa. Bi mkubwa ana dawa ya kuzuia damu kuganda?

Ngosha wa Tabata: Sijui, bahasha ziko kwa dada.

Mwandishi: Basi hujui anachomeza, halafu unataka kuongeza kingine. Mpigie dada akusomee majina madogo, kisha nenda nayo kwa daktari. Kama kwenye karatasi wameandika parasetamoli, mpe kwa saa zake walizoandika, usisubiri mpaka alie. Maumivu yakishapanda ni kazi kuyashusha.

Bi Nesi Mstaafu: Mwanangu, umeandika vizuri, ila hatua ya 6 umesema ulimsugua mafuta ya nazi pale palipokuwa pamebadilika rangi. Usisugue. Nyama ya chini imeshaumia, ukisugua unaichana zaidi. Na wale wanaonunua sponji la duara lenye tundu wamkalishe mzee, waache, linabana damu pembeni.

Mwandishi: Shikamoo mama. Wodini kwenyewe niliona wanasugua, nikaiga.

Bi Nesi Mstaafu: Marahaba. Na mimi zamani nilisugua, ndivyo tulivyofundishwa. Tumeacha.

Mwandishi: Nimefuta mstari. Asante mama yangu.

Bi Nesi Mstaafu: Jingine hujaligusa, choo kigumu. Hizi dawa kali za maumivu kama tramadoli, na kulala sana, humfunga mzee. Papai, maji, atembee. Siku 3 bila choo, rudini kituoni mpewe dawa ya kulainisha. Akijikamua na presha yake ni hatari.

Binti wa Lushoto: Kaka samahani kwa swali refu. Mama yangu mchana yuko sawa kabisa. Usiku anaongea na marehemu baba, anavuta shuka anasema kuna kuku kitandani. Ilianza juzi, siku ya tano tangu tutoke. Shangazi anasema ni mashetani, anataka tumpeleke kwa mtu. Mimi naogopa labda ni uzee umempanda kichwani kwa ghafla. Wewe ilikutokea?

Mwandishi: Dada yangu, ilinitokea, na hujauliza kirefu hata kidogo. Kwangu ilikuwa usiku wa tatu, mama alinifukuza chumbani akidhani mimi ni mwizi. Nilitoka nje nikalia.

Nilichoelezwa na daktari ni hiki. Usahaulifu wa uzee unakuja taratibu, miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, mara kupo mara hakupo, na usiku kukazidi, mara nyingi mwili unasema kuna kitu kimeharibika. Kwa wazee waliotoka kupasuliwa huwa maambukizi ya mkojo au kifua, upungufu wa maji, choo kilichofunga, mkojo ulioziba, sukari, au dawa, hasa za maumivu makali na za usingizi. Mzee anaweza kuwa na maambukizi asipate hata homa. Mama yangu ulikuwa mkojo. Alipewa dawa, ndani ya wiki akawa anadaiana hela za vitumbua na jirani kama zamani. Kwa hiyo mpeleke akapimwe leo, usisubiri usiku mwingine, na bahasha zote za dawa uende nazo.

Hapo nyumbani usibishane naye kuhusu kuku. Mwambie kwa upole wewe ni nani, yuko wapi, sasa ni saa ngapi. Mvalishe miwani yake. Mchana fungua madirisha, usiku acha taa ndogo. Alale karibu na mtu anayemjua, na asifungwe kitandani hata mkiwa mmechoka. Shangazi mwambie dua asome, lakini asomee njiani mkienda hospitali.

Binti wa Lushoto: Asante sana kaka. Tuko kwenye gari tunashuka Mombo.

Abuu Rayyan: Assalaam alaykum. Mama amekataa kuswali kwenye kiti, anasema kusujudu kwa kuashiria ni uvivu.

Mwandishi: Waalaykumu salaam. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Mimi nilimweleza wee, hakusikia. Nikamleta imamu wa msikiti wetu, akamwambia mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa na kuashiria kwa kichwa, na thawabu haipungui. Ila angalia, hata kuashiria wengine huinama sana kiunoni. Kichwa kinatosha.

Fundi Mdogo: Kiti cha choo si unatoboa tu kiti cha plastiki? Seremala ghali.

Mwandishi: Ukishakitoboa katikati, miguu inatanuka. Mzee akianguka mara ya pili utaulizia tena bei ya seremala?

Fundi Mdogo: Na kama nimefunga kamba miguuni?

Mwandishi: Nimeshajibu.

Binti wa Lushoto: Tumerudi. Ni mkojo kama ulivyosema, na maji yalikuwa yamempungua. Wamempa dawa. Bado usiku jana alimwona kuku, lakini mmoja tu.

Mwandishi: Alhamdulillah. Dawa amalize zote, hata kuku akiondoka kesho.

Mama Twaha: Mimi nauliza jambo dogo. Mama akishika woka mikono yote imejaa, simu anaibana kidevuni.

Mwandishi: Swali zuri kuliko yote, maana hili ni la cherehani. Shona mfuko wa kitenge cha kukunja mara mbili, upana sentimita 40, kimo 25. Ndani ugawe vyumba vitatu. Juu weka mikanda miwili yenye vifungo, ufunge kwenye bomba la mbele, mfuko ulalie upande wa ndani. Usining'inize nje wala usijaze, woka itapinduka mbele. Wa mama una simu, tasbihi, miwani na karanga. Nilimkataza redio, nikakuta ameitia.

Mama Twaha: Unauza?

Mwandishi: Nauza, lakini vipimo nimeshakupa bure.