Namna ya kuandaa rundo la katuni za kale za kutisha kabla ya Oktoba 31

Anza Agosti. Oktoba 31 ni Halloween, usiku wa vitisho wa Wamarekani, na ukisubiri Oktoba utakuta wenzako wamekwisha kupekua masanduku yote ya wauzaji, na chochote chenye fuvu jaladani kimepandishwa bei. Mimi hutoka Jumamosi ya pili ya Agosti, asubuhi, na dola 40 taslimu, penseli, na karatasi yenye namba za matoleo ninayoyatafuta. Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa 14 sasa. Nilikulia Tanga nikisoma magazeti ya katuni ya Sani ya kaka yangu, yenye Lodi Lofa na Ndumilakuwili, kurasa zimelegea kwa kupita mikononi mwa mtaa mzima. Kwa hiyo katuni iliyochakaa hainipi shida, na ushauri wangu wa kwanza ndio huo: nunua iliyochakaa lakini imetimia. Zile safi, zilizofungiwa ndani ya plastiki ngumu yenye namba ya daraja la ubora, waachie wanaonunua katuni kama mtu anavyonunua kiwanja. Ikishafungiwa haisomeki tena, na hizi ziliandikwa zisomwe.

Kabla hujatoa pesa, ujue unashika kitu cha miaka ipi. Bei iliyochapwa juu ya jalada inasaidia sana. Kwa kampuni nyingi, senti 10 ni hadi 1961, senti 12 hadi 1969, senti 15 hadi 1971, senti 20 hadi mwanzoni mwa 1974, senti 25 hadi 1976, kisha 30, na kuanzia 1977 ni 35. Mwezi usikudanganye. Katuni iliyoandikwa Oktoba iliingia dukani miezi miwili mitatu kabla, kwa sababu wachapishaji walitanguliza tarehe ili wauza magazeti wasiiondoe rafuni mapema. Uhakika wote uko kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza, au ndani ya jalada: mchapishaji, namba, mwezi na mwaka.

Halafu tafuta muhuri mdogo mweupe upande wa juu wa jalada, wenye maneno Comics Code Authority. Ukielewa muhuri huo, umeelewa nusu ya historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya EC ya New York, chini ya William Gaines na mhariri wake Al Feldstein, ilikuwa ikitoa Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear, na kwa upande wa anga za juu Weird Science na Weird Fantasy. Maiti walifukuka makaburini kuwadai waliowaua. Graham Ingels aliwachora wakiwa wanachuruzika, akitia sahihi ya “Ghastly”. Wally Wood alizijaza roketi zake saa, mabomba na vitaa vingi mno, hata ukikiangalia kisanduku kimoja cha picha dakika nzima bado utaona usichokiona.

Aprili 1954 kamati ya Baraza la Seneti ilikaa New York kuchunguza kama katuni zinaharibu watoto. Daktari Fredric Wertham, aliyekuwa ametoa kitabu cha kuzilaani mwaka huohuo, alitoa ushahidi. Gaines naye akaulizwa kuhusu jalada lenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akajibu kwamba kwa katuni ya kutisha jalada hilo halikuvuka mpaka wa adabu. Jibu hilo lilimponza. Oktoba ya mwaka huo wachapishaji wakajiwekea kanuni yao wenyewe, na muhuri ule ndio alama ya katuni iliyoifuata: hakuna wanyonya damu, hakuna maiti wanaotembea, wala neno “horror” kwenye jina la kitabu. Mwaka huohuo EC ikazifunga katuni zake za kutisha. Simtukani Wertham. Ndiye aliyesaidia kufungua kliniki ya Lafargue pale Harlem mwaka 1946, mahali ambapo watu weusi waliweza kutibiwa akili zao walipokuwa wakifungiwa milango kwingine. Lakini kilichotokana na vita yake dhidi ya katuni kinaniuma, na nitaeleza sababu chini.

Kwa mfuko wa kawaida, basi, una njia tatu. EC halisi za senti 10 ni ghali, usizihangaikie. Tafuta zilizochapwa upya miaka ya 1990: ukubwa uleule wa katuni ya kawaida, hadithi zilezile, ila bei ya jaladani imeandikwa kwa dola. Nazipata kwa dola 3 hadi 5. Njia ya pili ni magazeti ya kampuni ya Warren, Creepy lililoanza 1964 na Eerie lililofuata. Haya ni makubwa na ndani hayana rangi, na kwa kuwa yaliuzwa kama magazeti, kanuni haikuyafikia. Mengine yana majalada ya rangi ya mafuta ya Frank Frazetta, na kwa jalada tu mimi hulipa. Njia ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote: katuni za baada ya 1971, kanuni ilipolegezwa na wanyonya damu wakarudi. Kampuni ya Marvel ikaanza The Tomb of Dracula mwaka 1972, yenye vivuli vya Gene Colan vinavyomwagika kama wino uliopinduka. Kampuni ya DC ikawa na House of Mystery, ambayo Bernie Wrightson aliichorea majalada mengi. Namba 10 ya Dracula iache, maana ndiyo aliyotokea Blade, mwindaji wa wanyonya damu, kwa mara ya kwanza na bei yake imeruka. Nyingine za katikati hupatikana kwa dola 4, 6, 8.

Sasa ukaguzi, na hapa usione haya kumchelewesha muuzaji. Omba ruhusa ya kuitoa katuni mfukoni, uilaze mezani. Anza na pua. Karatasi ya zamani hunuka utamu kidogo, kama vanila iliyosahaulika kabatini. Huko ni kuzeeka tu, haina neno. Ikinuka uvundo wa nguo iliyokaukia ndani siku za mvua, irudishe hata kama ni bure, maana ukungu utahamia kwenye sanduku zima. Angalia pini mbili za mgongoni. Kutu ikishaacha doa la rangi ya chai, karatasi hapo imekwisha kulegea na itachanika ukifungua. Fungua katikati kabisa, gusa karatasi ya kati kwa kidole, uone kama bado imeshikwa na pini zote mbili. Hiyo ndiyo hutoka kwanza, na inaondoka na kurasa nne. Kisha hesabu: majani 16 bila jalada, yaani kurasa 32. Hesabu kweli, kwa kidole, usikadirie.

Mwisho pekua ukurasa wa barua za wasomaji. Kati ya 1974 na 1976 Marvel ilichapa humo stempu ndogo za kukata na kukusanya, na watoto wa wakati ule walizikata kwa maelfu. Mwaka wangu wa pili nililipa dola 9 kwa Dracula moja niliyoambiwa imetimia. Nilipofika nyumbani nikakuta tundu la mstatili, ukubwa wa stempu ya posta, limekatwa kwa mkasi kwa uangalifu mkubwa, na nyuma yake uso wa mtu aliyekuwa akizungumza umekwenda nalo. Kiputo cha maneno kimebaki, mwenye maneno hayupo. Tangu siku hiyo ukurasa wa barua ndio naufungua kabla ya ule wa kwanza.

Ukizifikisha nyumbani, zivishe. Mifuko huuzwa kwa saizi, na katuni za miaka ya 1950 ni pana kuliko za 1970, nazo za 1970 ni pana kuliko za leo, kwa hiyo taja umri wa katuni dukani. Magazeti ya Warren yana mifuko yake. Nyuma yake weka ubao wa karatasi usio na asidi. Zisimamishe kwenye sanduku, zisilale wala zisibanane, mbali na jua. Usizipeleke chumba cha chini ya nyumba. Mimi nilizipeleka, kiangazi kimoja chenye unyevu, na Septemba nikakuta katuni 11 zina madoa ya kijivu, zote nilizitupa. Darini nako joto huikausha karatasi ikawa kama jani kavu la mgomba. Kabati la chumba cha kulala linatosha. Gundi ya utepe usiitumie hata kwa mchaniko mdogo. Miaka ikipita inageuka kahawia na kula picha.

Kama pesa haipo kabisa, bado utasoma. Katuni nyingi za kampuni ndogo za kabla ya 1954 hazikusajiliwa upya haki zake baada ya miaka 28 kama sheria ya Marekani ilivyodai, zikawa mali ya umma, na Digital Comic Museum imeziweka mtandaoni bure. Aliye jirani na Columbus aende maktaba na makumbusho ya katuni ya Billy Ireland, jengo la Sullivant Hall, Chuo Kikuu cha Ohio State. Kiingilio hakuna, na chumba cha kusomea kiko wazi kwa yeyote. Andika kwanza, ueleze unachotaka kuona.

Usiku wenyewe wa Oktoba 31, nawa mikono na uikaushe vizuri. Laza katuni mezani, usiikunje jalada kwa jalada, geuza ukurasa kwa kona ya juu. Wangu ni wawili, wa miaka 7 na 11. Mdogo anapewa House of Mystery, inayotisha kwa kiasi cha kumfanya asogee karibu na mama. Za EC za misukule humpati akizisoma kwangu mpaka akue.

Mkubwa anamalizia na “Judgment Day”, iliyoandikwa na Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando katika Weird Fantasy namba 18 ya 1953. Mkaguzi kutoka duniani, mwili mzima ndani ya vazi la anga, anatembelea sayari ya roboti. Roboti wa rangi ya machungwa wana viwanda vizuri; wa buluu wanakaa upande mwingine wa mji na wanapanda nyuma ya basi. Anauliza, anachunguza, anakuta ndani ni mashine ileile, tofauti ni ganda. Anawaambia hawajawa tayari kujiunga na dunia nyingine, anaondoka. EC ilipotaka kuichapa tena, katika katuni yenye tarehe ya 1956, msimamizi wa kanuni, Charles Murphy, alitaka kisanduku cha mwisho, mkaguzi anapovua kofia, kibadilishwe, asiwe mtu mweusi. Gaines akakataa, ikachapwa ilivyo, na kile kikawa kitabu cha mwisho cha katuni cha EC.

Kwa hiyo ukimsomea mtoto, soma kwa sauti mpaka roketi inaporuka. Hapo nyamaza. Mwache aone mwenyewe kofia inavyovuliwa, na jasho usoni pa yule mtu likimetameta kama nyota.