Asali na achari zisiishie pipani uwanja wa ndege

Mnaosafiri kwenda Ulaya au Ghuba na mzigo wa mkononi, jueni hili: asali, samli, siagi ya karanga na achari ya maembe huhesabiwa vimiminika. Mtu anapanga losheni yake vizuri kabisa, halafu kopo la asali ya Tabora linamkwamisha kwenye eksirei. Kanuni iliyoenea tangu 2006 ni mililita 100 kwa kila chombo, na kinachotazamwa ni ujazo wa chupa, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 yenye matone mawili hutupwa vilevile. Asali iweke kwenye begi kubwa linalokabidhiwa kaunta, kaza mfuniko, izungushie kanga. Korosho pita nazo bila wasiwasi.

Ukiunganisha ndege Doha au Istanbul, tarajia kukaguliwa tena. Manukato uliyonunua duka lisilo na ushuru yaache ndani ya mfuko wake uliofungwa, risiti ikionekana. Hamu ya kunusa isubiri.

Pawabenki ni kinyume chake: begi kubwa hapana, mkononi ndiyo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ina kama 74, inapita. Ila maandishi ya uwezo wake yakiwa yamefutika, ofisa ana haki ya kuikataa.

Na kwa wanaoondokea Jomo Kenyatta, mnaweza kushushwa garini kukaguliwa kabla hata ya kufika jengoni. Sarafu, funguo na mkanda vitie kwenye begi mkiwa bado njiani.